Kimya kingi kwenye damu: mayeloma isiyotoa protini

Karatasi ya maabara inarudi na maneno machache: protini ya mayeloma haikuonekana. Mgonjwa anashusha pumzi. Ndugu waliokaa naye kwenye benchi tangu asubuhi wanatazamana, mmoja anasema alhamdulillahi, faili linafungwa. Mgongo unaendelea kuuma. Anaandikiwa diklofenaki ileile ya mwezi uliopita, na siku moja akiinama kuinua ndoo ya maji, pingili ya uti wa mgongo inabonyea kama kopo.

Mimi ni mtu wa maabara, na nianze kwa kuitetea ile karatasi. Haikusema uongo. Iliulizwa kama ndani ya kichupa kile cha damu kuna protini fulani, ikajibu hamna. Swali la mgonjwa lilikuwa jingine: je, ndani ya mifupa yangu kuna saratani? Kwa wagonjwa wengi wa mayeloma, saratani inayokaa ndani ya mifupa, maswali hayo mawili yana jibu moja, ndiyo maana tumezoea kuyahesabu kuwa swali moja. Wako wachache ambao kwao majibu hupishana. Seli za saratani zimejaa kwenye uloto, ule ute unaojaza mifupa; mifupa inaliwa, damu inapungua, na huko kwenye kichupa hakuna kitu, au kuna kidogo mno kiasi kwamba kipimo hakikishiki.

Ili kuelewa inakuwaje, tupite kwanza duka la kanga.

Ndani ya uloto huishi seli za plazma. Kazi yake ni kutengeneza kingamwili, protini zinazozunguka na damu kuwinda vijidudu. Kila ukoo wa seli za plazma una kingamwili yake moja tu, haujui kutengeneza nyingine. Mtu mwenye afya ana koo nyingi mno, kwa hiyo damu yake inafanana na duka la Mtaa wa Biashara, Mombasa: kanga za kila rangi, kila doti na jina lake. Mayeloma ni saratani ya ukoo mmoja. Seli moja imeharibika, imezaana bila breki, na uzao wake wote unachapa kanga ileile yenye jina lilelile. Ukiingia dukani unakuta marobota ya kanga moja yamepangwa hadi mlangoni, na zile nyingine zimekuwa za kutafuta. Kanga hiyo moja ndiyo inayoitwa protini M, kwa maana ya monokloni, ya ukoo mmoja.

Kingamwili yenyewe imeundwa kwa vipande vinne: minyororo miwili mizito na minyororo miwili miepesi. Mizito ina aina tano, nazo ndizo zinazoipa kingamwili herufi yake, G, A, M, D au E. (Ndiyo, M nyingine. Aliyezipanga herufi hizi hakuwahurumia wanafunzi.) Miepesi ina aina mbili tu, kapa na lamda. Seli za plazma huchapa minyororo miepesi kupita mahitaji, hata kwa mtu mzima wa afya, na ile ya ziada hutoka ikiwa huru, bila kufungwa na mizito. Ni midogo, hupenya kwenye chujio la figo, na ikizidi huingia kwenye mkojo. Kumbuka hiyo minyororo huru, tutaihitaji.

Sasa chukulia wachapaji wamejaa stoo hadi hewa haipiti, lakini dukani hakuna robota hata moja la kanga yao. Anayekagua duka peke yake ataandika kwamba hali ni shwari. Hiyo ndiyo mayeloma isiyotoa protini. Na pale ambapo zinatoka doti mbili tatu kwa wiki, zinazopotea katikati ya kanga za wengine, tunaita mayeloma inayotoa kidogo.

Kusikia kwa hatua

Historia ya ugonjwa huu ni historia ya masikio. Mwaka 1845 huko London mfanyabiashara wa vyakula aliyeitwa Thomas Alexander McBean alikuwa kitandani na maumivu makali ya mifupa. Daktari wake, William Macintyre, aliuchemsha mkojo wa mgonjwa na kuona jambo la ajabu: ulipopashwa joto uliganda, ulipochemka kabisa ukayeyuka, ulipopoa ukaganda tena. Sampuli ikapelekwa kwa daktari aliyesifika kwa kemia, Henry Bence Jones, ambaye alitambua kwamba ni protini na kwamba inatoka kwa wingi wa kutisha. McBean alifariki tarehe 1 Januari 1846, na mifupa yake ilikutwa laini, inavunjika kwa kugusa. Protini ile ikabaki na jina la Bence Jones kwa zaidi ya karne moja. Miaka ya 1960 ndipo ilipothibitishwa kuwa ni ile minyororo miepesi huru niliyoitaja.

Kwa muda mrefu sufuria la mkojo ndilo lililokuwa sikio pekee. Kisha, katika miaka ya 1930, Msweden Arne Tiselius akatengeneza elektroforesi, njia ya kuzipitisha protini kwenye umeme zikajitenga kwa kasi zake tofauti. Kingamwili za koo nyingi hutandaza kama kilima kipana. Protini ya ukoo mmoja husimama kama mnara. Tiselius alipata tuzo ya Nobeli mwaka 1948, na maabara za dunia nzima zikapata kipimo ambacho mpaka leo ndicho cha kwanza kuagizwa mtu akishukiwa mayeloma. Baadaye ikaja imunofiksesheni, inayotumia vitendanishi vya kunasa kila aina ya mnyororo na kuonyesha hata mstari mwembamba ambao mnara wake usingeonekana.

Angalia sasa namba hizi, kwa sababu ndizo zinazobeba hoja nzima. Mayo Clinic ya Marekani ilikusanya kumbukumbu za wagonjwa 1,027 waliogunduliwa kati ya 1985 na 1998. Elektroforesi ya damu ilionyesha protini kwa asilimia 82 yao. Imunofiksesheni ya damu ikapandisha hadi asilimia 93. Ulipoongezwa mkojo, ikafika 97. Wagonjwa ni walewale, ugonjwa ni uleule, kilichobadilika ni sikio. Waliobaki, asilimia 3, ndio walioandikwa kuwa mayeloma yao haitoi protini.

Hata hao hawakubaki wote. Mwaka 2001 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walichukua damu ya wagonjwa 28 waliokuwa wamepewa jina hilo na kuipima kwa kipimo kipya cha minyororo miepesi huru ndani ya damu. Kumi na tisa kati yao walikutwa na kiwango cha juu cha kapa au lamda. Yaani theluthi mbili ya watu walioambiwa saratani yao haisemi, ilikuwa inasema kwa sauti ya chini. Figo yenye afya huikamata minyororo hii na kuivunjavunja kabla haijafika kwenye mkojo, hivyo aliyepima mkojo alikuwa anasubiri mgeni aliyekwishazuiwa getini.

Kwa hiyo mtu akiniambia ana mayeloma isiyotoa protini, swali langu la kwanza ni: isiyotoa kwa kipimo kipi? Ukiangalia elektroforesi peke yake, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano ataonekana hatoi. Ukiongeza imunofiksesheni, mkojo wa saa 24 na minyororo huru, wanabaki wachache sana. Siku hizi kuna maabara zinazotumia spektrometa ya masi, inayozipima protini kwa uzito wake, na kundi linazidi kupungua.

Yako mambo mawili ya kimaabara ambayo huwa hayasemwi mbele ya mgonjwa. Moja ni kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinachotumika kila kituo cha afya. Kijiti hicho hukamata zaidi albumini, protini nyingine ya damu. Minyororo miepesi inaweza kujaa kwenye mkojo na kijiti kisibadilike rangi. Kijiti kikisema mkojo hauna protini, hakijasema lolote la maana kuhusu mayeloma. La pili ni vitendanishi vya imunofiksesheni. Seti ya kawaida hutafuta G, A, M, kapa na lamda. Mayeloma ya aina ya D, ambayo ni adimu, na ya E, ambayo ni adimu zaidi, hazitafutwi mpaka mtu aagize. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kusomwa vibaya kwa sababu tu ya kilichokuwemo kwenye friji siku ile.

Kiasi gani ni kidogo?

Hapa mambo ni ya mahesabu, nitapita haraka. Madaktari wanauita ugonjwa "unaopimika" kama protini M kwenye damu imefika gramu 10 kwa lita, au kwenye mkojo imefika miligramu 200 kwa saa 24, au mnyororo mwepesi huru unaohusika umefika miligramu 100 kwa lita huku uwiano wa kapa na lamda ukiwa umevurugika. Uwiano wa kawaida ni kati ya 0.26 na 1.65. Figo zikiwa zimechoka, uwiano hupanda wenyewe hadi karibu 3 bila mayeloma yoyote, jambo linalowapa watu hofu za bure. Aliye na protini inayoonekana lakini iliyo chini ya viwango vyote hivyo ndiye anayetoa kidogo.

Viwango hivi viliwekwa kwa ajili ya ufuatiliaji. Kama protini yako ni gramu 4 tu kwa lita, ikishuka hadi 3 haijulikani ni dawa imefanya kazi au ni mashine imeyumba. Ndiyo sababu majaribio mengi ya dawa mpya huwakataa wagonjwa hawa mlangoni: matokeo hupimwa kwa kushuka kwa protini, na wao hawana cha kushusha. Nadhani hili ni jambo la kusikitisha kuliko inavyokubalika. Dawa zinaandikiwa watu ambao hawakuwamo kwenye vitabu vya majaribio yake, na daktari anabaki kukisia kwa mlinganisho.

Kwa nini seli zinyamaze

Ukichukua uloto wa wagonjwa ambao kweli hawatoi, ukaupaka rangi za kunasa kapa na lamda, utaona makundi mawili. Kundi kubwa, kama asilimia 85 katika maelezo ya wataalamu, seli zake zimejaa kingamwili ndani. Kanga zimechapwa, zimerundikwa stoo, mlango haufunguki. Mara nyingine protini imechapwa na kasoro: mnyororo umekatika au umebadilika sehemu inayohitajika ili vipande vifungane, na seli ina utaratibu wake wa kuzuia bidhaa mbovu isitoke na kuisaga humohumo. Kundi dogo ni zile zisizochapa kabisa. Mashine ipo, wachapaji wapo na wanazaana, kitambaa hakuna.

Kuna pia alama ya kijeni inayojitokeza mara nyingi zaidi kwa wagonjwa hawa, nayo ni kubadilishana vipande kati ya kromosomu ya 11 na ya 14. Kromosomu ya 14 ndiyo inayobeba jeni za minyororo mizito, na swichi yake huwa imewashwa saa zote kwenye seli ya plazma. Jeni ya kuhimiza seli igawanyike ikihamishiwa pale kutoka kromosomu ya 11, inakaa mbele ya swichi ambayo haizimwi. Inavutia kwamba palepale panapotoka amri ya kutengeneza kingamwili ndipo palipovunjwa, ingawa si kila mwenye mabadiliko haya ananyamaza, wengi wao hutoa protini kama kawaida.

Mgonjwa ananufaika nini na kimya hiki? Figo. Minyororo miepesi ndiyo mharibifu mkuu wa figo katika mayeloma: huganda ndani ya mirija yake na kuiziba. Isipotoka, figo hupona na balaa hilo, na kweli kushindwa kwa figo ni kwa nadra zaidi katika kundi hili. Hiyo isichukuliwe kama ruhusa ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kutwa mara tatu kwa miezi, maana dawa hizo huumiza figo kwa njia zake, na kalsiamu inayomwagika kutoka kwenye mifupa nayo huumiza kwa njia yake.

Ugonjwa unapoandika kwingine

Damu isiposema, tunasoma mahali pengine. Tangu mwaka 2014 kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa mayeloma kiliweka vigezo ambavyo havidai tena kuwepo kwa protini M. Kinachodaiwa ni seli za plazma za ukoo mmoja zifike asilimia 10 ya uloto, au uvimbe wa seli hizo uthibitishwe kwa kukata kinyama, na pamoja na hilo pawepo uharibifu: kalsiamu iliyopanda, figo zilizodhoofika, hemoglobini iliyo chini ya gramu 10 kwa desilita, au tundu kwenye mfupa. Bila hata uharibifu huo, seli zikifika asilimia 60 ya uloto, au picha ya MRI ikionyesha zaidi ya doa moja lenye ukubwa wa milimita 5 au zaidi, inatosha. Kigezo kingine, cha uwiano wa minyororo huru kufika 100, kwa wanyamavu wetu hakina kazi.

Kwa hiyo hakuna njia ya mkato kuzunguka sindano ya uloto. Inachomwa nyuma ya nyonga, chini ya ganzi. Watu huiogopa kwa jina tu, na wengi huamini kwamba wanachomwa uti wa mgongo na watapooza. Hapachomwi uti wa mgongo. Ni mfupa wa nyonga, maumivu yapo ya dakika chache pale uloto unapovutwa, kisha mtu anakwenda nyumbani. Shida yake halisi ni nyingine: mayeloma hukaa kwa mabaka. Sindano inaweza kuangukia sehemu safi ilhali pingili ya tatu ya kiuno imejaa. Seli zikikutwa chache na mashaka yakabaki, inabidi kuchukuliwa sampuli kwenye tundu lenyewe kwa kuongozwa na picha ya CT.

Picha nazo zina ujanja wake. Eksirei ya kawaida huonyesha tundu baada ya mfupa kupoteza theluthi moja au zaidi ya madini yake pale, kwa hiyo eksirei safi haimtoi mtu hatiani. Skani ya mifupa ya teknishiamu, inayopendwa sana kusaka saratani ya tezi dume iliyosambaa, ni mbaya zaidi kwa kazi hii: yenyewe hung'aa pale mwili unapojenga mfupa mpya, na mayeloma hula mfupa huku imewafunga mikono wajenzi. Skani inatoka tulivu juu ya mifupa iliyotobolewa. Ni kimya cha pili juu ya kimya cha kwanza. Kinachofaa ni CT ya mwili mzima kwa mionzi midogo, MRI, au PET-CT, ile inayoonyesha seli zinazokula sukari kwa wingi, na kwa mgonjwa asiyetoa protini hivi si anasa, ndivyo rula yake.

Afrika Mashariki tuna mtego wetu, jina lake kifua kikuu cha mgongo. Mtu wa makamo, mgongo unauma miezi, amekonda, damu imepungua, pingili imebonyea. Hapa kwetu daktari akiwaza kifua kikuu kwanza hajakosea, ni ugonjwa ulio wengi. Kosa huja pale dawa za miezi kadhaa zinapokwisha bila nafuu na hakuna anayegeuza wazo. Picha ikiwa nzuri kuna dokezo: kifua kikuu kwa kawaida hula ile diski iliyo kati ya pingili mbili na kuharibu pingili zote mbili zinazoigusa, mayeloma kwa kawaida huila pingili na kuiacha diski. Dokezo lingine liko kwenye ESR, kipimo cha zamani cha jinsi chembe nyekundu zinavyozama. Mayeloma ya kawaida huipandisha hadi kupita 100, kwa kuwa protini iliyojaa huzifanya chembe zigandane kama rundo la sarafu. Wengi wetu tulifundishwa kuitafuta ESR hiyo. Pasipo protini, ESR inaweza isipande hivyo, na dokezo tulilolitegemea halipo. ALP pia, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu ambacho hupanda mifupa ikivamiwa na saratani nyingi, kwenye mayeloma huwa cha kawaida.

Kuna jambo moja ambalo hata ile elektroforesi "safi" inaweza kulisema kwa anayejua kusoma. Wachapaji wabaya wakijaa stoo, wale wa kanga nyingine hukosa nafasi. Kilima kile kipana cha kingamwili za kawaida kinasinyaa. Karatasi inaandikwa kwamba hakuna mnara, na ni kweli hakuna, lakini kilima nacho kimekwenda wapi? Mtu mzima mwenye maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, nimonia mbili ndani ya mwaka na kingamwili zilizo chini kuliko kawaida anastahili sindano ya uloto. Mimi huwa nalitafuta hilo kabla ya kusaini, na ningependa kila anayesaini alitafute.

Kwetu ugonjwa huu si wa kigeni. Nchini Marekani mayeloma huwapata watu weusi karibu mara mbili ya weupe, na huwaanza wakiwa na umri mdogo zaidi kwa miaka kadhaa. Tukiona wagonjwa wachache, mashaka yawe kwanza juu ya utafutaji wetu.

Matibabu, na tatizo la rula

Dawa ni zilezile za mayeloma nyingine: bortezomibu, lenalidomidi na deksamethasoni, na penye uwezo daratumumabu. Kwa anayefaa hufuatia melfalani ya dozi kubwa na kurudishiwa seli zake mwenyewe zilizohifadhiwa, upandikizaji ambao Muhimbili ilianza kuutoa mwaka 2021. Mifupa hupewa asidi ya zoledroni baada ya meno kukaguliwa. Tangu dawa hizi zilipoingia, wagonjwa wasiotoa protini hawajaonekana kuishi muda mfupi kuliko wenzao, na tafiti nyingine zimewaona wakiishi zaidi kidogo. Venetoklaksi, inayolenga seli zenye yale mabadiliko ya kromosomu 11 na 14, iliamsha matumaini makubwa, ila majaribio yake makubwa yalikuwa na matokeo ya kuchanganya, na katika moja vifo viliongezeka kwa wagonjwa waliochanganywa bila kuchaguliwa kwa jeni.

Ugumu uko kwenye kujua dawa imefanya nini. Mgonjwa wa kawaida hutoa damu kila mwezi, anaona protini yake ikishuka kutoka 45 hadi 12 hadi sifuri, na namba hiyo inampa moyo wa kuendelea. Mnyamavu hana namba. Kwake jibu hutolewa na uloto kurudi chini ya asilimia 5 ya seli za plazma na PET-CT kuonyesha kwamba madoa yamezimika. Sindano hiyo hiyo irudiwe, picha hiyo hiyo irudiwe, ikiwezekana kwa mashine ileile. Kwa mtu anayesafiri kutoka Songea kuja Dar es Salaam, au anayechangiwa na ukoo mzima ili apigwe PET-CT Nairobi, hiyo ni gharama ya kuumiza, na sina la kuipunguza. Katikati ya picha, zinatazamwa hemoglobini, kalsiamu, kreatinini inayoonyesha hali ya figo, na maumivu yenyewe. Maumivu mapya ya mfupa kwa mgonjwa huyu yana uzito wa kipimo cha maabara, yasisubiri kliniki ya miezi mitatu.

Watafiti wanajaribu kutafuta rula ya damu isiyotegemea kingamwili. Inayozungumzwa zaidi ni BCMA, protini iliyosimama juu ya ngozi ya seli za plazma, ambayo vipande vyake hukatika na kuelea kwenye damu. Seli hata kama haichapi kanga yoyote, ngozi inayo, na kiwango cha vipande hivyo kimeonekana kupanda na kushuka na ugonjwa hata kwa wasiotoa protini. Bado si kipimo cha kila siku. BCMA hiyo hiyo ndiyo inayolengwa na tiba mpya za seli za kinga zilizofunzwa upya, na kwa tiba hizo unyamavu si kizuizi.

Kichekesho kidogo cha maabara: daratumumabu yenyewe ni kingamwili ya ukoo mmoja, aina ya G yenye kapa. Mgonjwa ambaye hajawahi kuwa na mstari wowote anaanza dawa, na ghafla imunofiksesheni inaonyesha mstari mwembamba wa G-kapa. Ndugu wanashtuka, ugonjwa umeanza kusema. Hapana, hiyo ni dawa inapita. Ndiyo maana tunaomba fomu ya kipimo iandikwe mgonjwa anatumia nini.

Hatari ya kinyume chake ndiyo kubwa. Mgonjwa aliyekuwa na protini nyingi ametibiwa, protini imeshuka hadi haionekani, kila mtu amefurahi. Miaka miwili baadaye mbavu zinaanza kuuma, na protini bado ni sifuri. Inawezekana ugonjwa umerudi ukiwa umebadilika: ukoo mdogo uliopoteza uwezo wa kutoa kingamwili umestahimili dawa na kuchukua nafasi. Wengine huacha mnyororo mzito na kubaki wakitoa mwepesi tu, wengine hunyamaza kabisa. Kwa hiyo aliyezoea kufuatwa kwa protini M pekee anahitaji minyororo huru ipimwe pia, na akisema ubavu unauma, apigwe picha hata kama damu ni safi.

Kwa mgonjwa na jamaa zake nina ombi la mtu wa maabara: wekeni kila kitu. Sidii za CT na MRI, si ripoti tu. Vioo na vibonge vya uloto wa mara ya kwanza, yaani sampuli yenyewe iliyohifadhiwa maabara, viombwe kabla ya kuhama hospitali, na ripoti ya uloto iwe na asilimia ya seli za plazma na kama zilipakwa kapa na lamda. Kwa mgonjwa mwenye protini, faili likipotea, damu ya kesho itampa pa kuanzia. Kwa huyu, ile picha ya siku ya kwanza ndiyo pekee ya kulinganisha nayo, na ikibaki kwenye kompyuta ya hospitali iliyobadilisha mfumo wake mwaka jana, daktari mpya atayaona matundu na hatajua kama ni makovu au ni mapya.